Mwaka Mzee Kamuti Alipozeeka Kweli

Kwenye mazishi ya Mama Mbithe, kule juu Kikima, nilipewa dakika mbili. Kijana aliyekuwa akiendesha shughuli alikuwa na tai shingoni na karatasi ya ratiba mkononi, akaniambia kwa adabu, "Babu, tafadhali, mbili tu, kwaya bado inangoja." Dakika ya kwanza ikaishia kwenye salamu, kama ilivyo desturi yetu. Huwezi kusimama mbele ya Wakamba ukaanza kusema kabla hujasalimia wazee, akina mama, wachungaji, vijana na wale waliotoka mbali. Ya pili nikaitumia kusema kwamba marehemu alikuwa mama mkali, mpishi hodari, na mtu pekee niliyemjua ambaye hakuwahi kumcheka mume wake. Watu wakacheka. Walidhani ni utani wa wazee. Nilirudi kuketi na hasira zangu, maana nilikuwa nimesema ukweli mtupu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyamalizia moyoni yale maneno niliyokatizwa. Sasa nimeamua kuyaandika. Nimempita kwa miaka yule mumewe alivyokuwa wakati wa mambo haya, sina haraka, na hapa hakuna kwaya inayongoja.

Jina la mumewe la kanisani lilikuwa Johana, lakini kutoka Mbooni mpaka Mwingi hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mzee Kamuti, yaani mzee wa kijiti, kwa sababu ya fimbo yake. Alianza kuigiza uzee akiwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye nguvu za kubeba gunia peke yake. Anapaka nywele majivu, anavaa koti refu lililoraruka begani, anapinda mgongo, anaingia uwanjani akitetemeka. Halafu fimbo inateleza na mzee anaanguka. Akijaribu kuinuka mara ya kwanza, fimbo inamkimbia. Mara ya pili anashika kiti, kiti kinamfuata chini. Mara ya tatu anakata tamaa, anaegemea kiwiko pale pale mavumbini kama mtu aliye kitandani kwake, anawauliza watu kama wameshakula. Hakukuwa na harambee ya shule wala arusi ya mtu mwenye uwezo ambayo haikumwalika. Nimeona chifu akishuka jukwaani kwa sababu kicheko kilimfanya akose pumzi. Kwa hiyo mtu huyu aliigiza uzee karibu miaka thelathini, na huku anaigiza, uzee wenyewe ukaja taratibu ukamkuta kazini. Ulipofika hakuna aliyeuona. Ungeuonaje, na ulikuwa umevaa koti lile lile?

Mimi wakati huo, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa fundi wa redio pale Sultan Hamud, na miaka yangu ilikuwa ishirini na tisa. Duka langu lilikuwa na upana wa mlango na nusu, likitazama reli, na ndani lilinuka risasi ya kuchomelea na vumbi la redio za watu waliosahau kuzichukua. Lakini nilikuwa na kitu ambacho mafundi wengine hawakuwa nacho: amplifaya, spika mbili za honi, betri kubwa ya gari na maikrofoni moja nzuri sana ambayo nilikuwa naifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Palipokuwa na mkutano, niliitwa. Nilijiona mtu wa maana, sitakataa. Niliweza kumfanya mtu wa Zombe amsikie mtu mwenye haya akinong'ona, na niliamini kwamba kusikia ni suala la waya na betri.

Zombe ndiko jambo lilikotokea. Ilikuwa harambee ya kujenga madarasa, jua la saa nane, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta wa choo cha shule. Mzee Kamuti akaingia na majivu kichwani, ingawa kwa kweli majivu yalikuwa yameshakuwa kazi ya bure. Akapiga hatua nne, fimbo ikateleza, akaanguka, na uwanja ukalipuka. Akajaribu kuinuka. Akajaribu tena. Ya tatu ilikuwa mbaya zaidi, mguu mmoja ulinyooka ukatetemeka wenyewe, na watu walikuwa wameshikana mabega kwa kucheka. Akanitazama. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka alipokuwa, nimeshika maikrofoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Kyalo, siwezi kuinuka."

Nami, nikadhani ni maneno mapya ameyatunga, nikapiga magoti nikamwekea maikrofoni mdomoni ili watu wote wasikie.

Halafu akasema tena, ndani ya maikrofoni, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yake, "Siwezi kuinuka." Sauti ile ikatoka kwenye honi zote mbili, ikaenda mpaka sokoni. Watu walicheka mpaka wakalia. Mcheza kwao hutuzwa, na sisi hatuna ubahili katika hilo. Wakaanza kuja mmoja mmoja kumtuza, shilingi kwenye paji la uso, shilingi kifuani, mama mmoja akamwekea noti chini ya kidevu. Alilala pale akituzwa. Mwisho akajiburuta mpaka kwenye meza ya wageni, akashika suruali ya mwenyekiti, akapanda nayo kama anayepanda mti mpaka akasimama, na hilo likawa kilele cha siku. Mwenyekiti mwenyewe alicheka zaidi ya wote. Mimi nilicheka pia. Nimejaribu miaka hii yote kujikumbuka nikiwa sikucheka, na siwezi.

Vyombo vyetu vilikuwa kwenye darasa la nne, na huko ndiko tulikoletewa chai na chapati mbili mbili kwenye sahani ya bati. Mzee aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakimfikia kifuani. Hakugusa chapati. Nilikuwa nazungusha waya na kumsifu, nikimwambia leo amejishinda, ile ya kusema hawezi kuinuka ilikuwa moto. Akaniacha nimalize.

"Kyalo," akasema, "leo sikuwa nacheza."

"Hukuwa unacheza nini, Mzee?"

"Mguu imekataa. Nimekuambia wewe siwezi, na wewe umeniletea maikrofoni."

Nikasema upuuzi ambao vijana husema, kwamba utu uzima dawa. Akanitazama bila kisirani. "Dawa ya nini? Mimi ndiyo nakunywa dawa, asubuhi na jioni." Halafu akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu leo. "Miaka thelathini nimeonyesha watu uzee ya wengine. Sasa nimepata yangu, na hakuna mtu ananiamini. Nikikohoa, wanacheka. Nikisahau jina ya mtu, wanacheka. Siku nitakufa, watu watasimama kando ya kaburi wangoje niamke." Akavunja chapati, akaichovya kwenye chai mpaka ikalegea, akala. "Nataka waniamini mara moja tu. Kabla sijaenda. Uko na ile mashine ya kushika sauti?"

Kumbe alikuwa na nyimbo. Hakuna aliyejua. Ujanani alikuwa amepikia Mzungu mmoja mwenye shamba la ng'ombe upande wa Ulu, na Mzungu yule kila Jumapili baada ya chakula alikuwa anafungua santuri za kantri, zile za watu wa ng'ombe wa Marekani wanaolilia nyumba walizoziacha, na mpishi alikuwa anaosha sahani polepole ili asikie mpaka mwisho. Mzungu alipouza shamba akaondoka, alimwachia gitaa kavu lenye ufa. Kwa hilo Mzee alikuwa ametunga nyimbo saba, zote za Kiswahili, zote za kuzeeka, na alikuwa amewaimbia mbuzi tu. Watu wa Nairobi hushangaa wakisikia kwamba sisi huku tunapenda kantri. Mimi sishangai. Nyimbo zile zinahusu mifugo, mvua iliyokataa kunyesha, mama aliyekufa ukiwa mbali na treni inayopita bila kukuchukua. Sijui nani mwingine zilikuwa zimeandikiwa kama si sisi.

Shida ilikuwa mahali. Dukani kwangu haikuwezekana, kila mtu angesimama mlangoni. Nikamwendea Bwana Athumani, ambaye babu yake alikuja na reli kutoka pwani akabaki, naye akawa mfanyabiashara mkubwa wa nafaka pale mjini. Alikuwa na stoo ndefu nyuma ya duka lake, imejaa magunia ya ndengu na mbaazi mpaka karibu na dari, na katikati pamebaki uwazi wa ukubwa wa kitanda. Nilipopiga kofi mle ndani, kofi lilikufa hapo hapo mkononi. Hata studio zenye pesa hazipati ukimya kama wa magunia. "Ingieni, hapana taabu," Bwana Athumani alisema, "lakini magunia yangu msiyakalie yakapasuka. Na lori likija kuyachukua, msiniambie mpo katikati ya wimbo. Mimi sina nyimbo, nina biashara." Tukachagua Jumapili asubuhi, wakati mji uko kanisani, kinu cha posho kimelala na makondakta hawapigi kelele. Mzee wa kanisa aliponiuliza siku hizi niko wapi, nilimwambia ninasikiliza mahubiri ya mtu mmoja. Hakupenda jibu lile.

Kwa hiyo Jumapili baada ya Jumapili tuliketi mle ndani, mimi nimeelekea ukutani na spika za masikioni, yeye nyuma yangu juu ya debe na gitaa lake. Tulijua saa za treni ya mizigo na tulizipisha. Nafaka zilitutia chafya. Na karibu saa sita, kanisa lilipotoka, Mama Mbithe alikuwa anakuja na kyondo, ndani yake sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, na humo muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, amepika na mbaazi na kitunguu mpaka yakawa laini ya kuliwa na mtu asiye na meno. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko mumewe, na hakuwa na maneno ya kupoteza. Nyimbo zile aliziita nyimbo za dunia. Alitupakulia, akaketi juu ya gunia ambalo sisi tulikatazwa kukalia, akatutazama tukila. Hakusema nyimbo ni nzuri wala mbaya. Wa kwanza ulisema hivi:

Meno yangu yameniaga moja moja,
kama wageni walioshiba.
Na hili lililobaki
limeshachukua kofia na fimbo.

Na ule nilioupenda mimi:

Niliita mbuzi ng'ambo ya mto,
wakanisikia, wakarudi.
Leo namwita Mbithe jikoni,
sauti yaishia kikombeni.

Baada ya wiki tano tukawa na kaseti nzima. Nikaisikiliza mwenyewe, nikaona kazi safi, hakuna hata mkwaruzo. Siku ya soko nikaiweka kwenye redio kubwa ya dukani, nikageuza spika barabarani, na Mzee akasimama ng'ambo, chini ya kibaraza cha duka la nguo, kofia imeshushwa. Watu walisimama mara moja. Mistari miwili haikuisha, mtu mmoja akasema kwa furaha, "Si huyu ni Kamuti!" Wakaanza. Meno yalipoaga, walicheka. Jino lilipochukua kofia, dereva mmoja wa lori alipiga bodi ya gari lake kwa kiganja. Mama mmoja alikuja kuniuliza kama ninayo ile anayoanguka. Walikuwa wamefurahi kweli, walimpenda mtu yule, na kila kicheko kilimpiga pale alipokuwa amesimama. Nilipotazama ng'ambo tena, hakuwepo.

Hakuja Jumapili iliyofuata. Iliyofuata tena alikuja, lakini bila gitaa, na Mama Mbithe alikuja naye mapema badala ya kungoja saa sita. Nilikuwa nyuma ya safu ya magunia nikikusanya nyaya, na nadhani walisahau kwamba nipo, au Mama Mbithe hakujali. Walizungumza Kikamba; nayaandika kwa Kiswahili jinsi ninavyoweza.

"Nimekosea kuzaliwa," Mzee alisema. "Nimezoeza watu vibaya. Basi. Nirudishie hiyo koti, niendelee kuanguka mpaka nisiinuke kabisa."

"Koti ninayo," akajibu. "Hiyo suruali yake pia ninayo. Nani unafikiri huiosha? Watu huona unavyoanguka. Mimi huona damu kwenye magoti ya suruali, miaka yote hiyo, naitoa kwa chumvi. Ndiyo maana sijawahi kucheka. Si kwamba hunichekeshi."

Niliweka waya chini polepole.

"Sasa nisikilize, mume wangu. Mimi sijui muziki wa Wazungu, lakini wewe nakujua. Ukiimba mstari mmoja, unanyamaza. Kila mstari. Gitaa inaenda peke yake na wewe umenyamaza, umeinua nyusi. Unajua unafanya nini hapo?"

"Napumua."

"Hupumui. Unawangoja wacheke. Umewangoja miaka thelathini, na sasa hata mbele ya magunia unangoja. Umewatandikia mkeka halafu unalia kwamba wamekalia."

Nilikuwa nimesikiliza nyimbo zile zaidi ya mara ishirini, na spika masikioni, na fahari yangu yote ya ufundi. Sikuwa nimelisikia hilo. Nikatoka nyuma ya magunia bila hata kuomba radhi, nikawasha mashine, tukasikiliza sote watatu tumesimama. Meno yangu yameniaga moja moja. Halafu ile nafasi. Ilikuwa pale, pana kama mlango ulioachwa wazi, na baada ya kila mstari ilikuja tena, kwa kipimo kile kile. Mzee alikaa kwenye debe. Alisikiliza upande mzima wa kaseti, na uso wake ulibadilika polepole kama mtu anayeonyeshwa picha aliyopigwa akiwa amelala. "Hata kwa ule wa mama yangu," akasema mwishoni. "Hata kwa mama yangu nimewangoja."

Kuuachisha mkono uliozoea ni kazi kuliko kuufundisha. Tulianza upya, na kila alipofika mwisho wa mstari, mwili wake wote ulisimama wenyewe, nyusi zikapanda. Nilijaribu kumwonyesha kwa kidole, ikashindikana. Tukajaribu afumbe macho, akasahau maneno. Mwisho Mama Mbithe akahamisha gunia lake, akaketi nyuma yake mgongo kwa mgongo, na kila Mzee alipotaka kusita alimsukuma kidogo kwa mgongo wake, kama unavyomsukuma punda anayetaka kulala njiani. Mzee aliudhika, akasema hajaoa mgongo. Akaambiwa aimbe. Hivyo ndivyo nyimbo zile zilivyotoka, mstari ukikanyaga kisigino cha mstari, bila mahali pa kuingilia. Maneno hayakubadilika hata moja. Lile jino lilikuwa limeshachukua kofia na fimbo lile lile, lakini sasa lilipita kabla hujawahi kucheka, na likishapita ulibaki na kitu kifuani.

Wimbo wa tatu ulipokuwa umeshikwa, lori la Bwana Athumani likaja. Alikuwa ametuonya. Wapagazi walibeba magunia siku mbili, na Jumapili iliyofuata stoo ilikuwa tupu, sakafu ya simiti, kuta za mabati juu, kunguru wakitembea darini. Nilipiga kofi, likanirudia mara mbili. Nilitaka kuahirisha mpaka mavuno. Niliwaeleza kwamba sauti haitalingana, kwamba watu wa kazi hii watanicheka, na Mzee akasema kama kuna mtu atachekwa safari hii, ni vizuri iwe zamu yangu. Akaimba nne zilizobaki pale katikati ya uwazi ule. Nilipozisikiliza jioni, nilijua nilikuwa karibu kufanya kosa la pili. Kwenye zile tatu unamsikia mzee akikuimbia sikioni. Kwenye zile nne unamsikia mzee kwenye nyumba ambayo watoto wameondoka. Hakuna fundi ambaye angepanga hivyo, na mimi nimekubali sifa za kazi ile kwa miaka mingi kuliko inavyostahili.

"Tunaenda Zombe," Mzee akasema. Nilimwambia kuna masoko ya karibu, Emali, Kasikeu, kwa nini Zombe. Akasema Zombe ndiko alikoanguka.

Tulifika siku ya mnada na pikapu ya Bwana Athumani, mimi, Mzee na Mama Mbithe, ambaye hakuwahi kabla ya hapo kwenda naye mahali popote pa kazi. Niliweka honi zangu juu ya paa la hoteli moja iliyokuwa pembeni ya soko la mbuzi. Mzee alivaa shati lake la kanisani na kofia ya sufu, bila majivu, bila koti, akaketi kwenye benchi la nje akiwa na chai, mzee kama wazee wengine watatu waliokuwa hapo. Nilibonyeza. Sikutazama soko, nilitazama sindano ya amplifaya ikipanda na kushuka.

Hawakunyamaza mara moja. Soko la mbuzi halinyamazi. Lakini kelele ilianza kupungua upande wa karibu yetu, halafu upande wa nyanya, na wimbo wa mbuzi na mto ulipofika mwisho niliweza kusikia maji yakichemka ndani ya hoteli. Mama mmoja muuza kamba za mkonge alikuwa ameacha kusuka. Alimuuliza mwenziwe, "Huyu ni nani?" Mwenziwe akasema, "Sijui. Lakini huyu ni mzee wa kweli." Mama Mbithe alikuwa karibu nao. Alisikia, nami nilisikia. Nilipomtazama Mzee, nilijua naye amesikia, maana kikombe kilikuwa kimesimama katikati ya njia ya kwenda mdomoni.

Kaseti ikaisha. Watu walibaki wamesimama kidogo, kama wanaotoka kwenye maombi. Na hapo mmoja wa wale wazee wa benchi akamgeukia jirani yake, akamtazama vizuri, akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vyema, "Wewe ni Kamuti!" Vichwa vyote vikageuka. Mzee akaona kwamba ametambuliwa, akataka kuinuka aondoke, akaegemea fimbo, na mguu ukakataa. Akarudi benchini. Akajaribu tena, benchi likainuka upande, akarudi tena. Hiyo ilikuwa ya pili, na hakuna mtu katika uwanja ule ambaye hakujua nini hufuata ya pili. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeshaanza kuruka nyaya zangu niende, na nilikuwa mbali mno.

Mwanamume mmoja wa makamo, muuza mbuzi, alikuwa amesimama karibu na benchi akiwa ameshika beberu mkubwa kwa kamba. Aliiachia kamba. Akapita kati ya watu, akapitisha mkono chini ya kwapa la Mzee, akasema, "Pole pole, baba. Niegemee mimi. Hapana haraka." Akamwinua. Alipokuwa amesimama wima, yule mtu hakumwachilia, alimtafutia fimbo kwa mkono mwingine, akamwekea kwenye kiganja na kumfungia vidole. Mzee alimshukuru kwa Kikamba, "Ni muvea, mwanangu," na sauti yake haikuwa ya kuigiza kitu chochote.

Beberu naye, alipoona amekuwa huru, aliingia moja kwa moja kwenye nyanya. Wenye nyanya walipiga mayowe, sanduku likapinduka, beberu akatoka upande wa pili na sukumawiki mdomoni, na mwenye mbuzi aligeuza kichwa tu akamtazama, akabaki pale pale alipo, bega lake chini ya mkono wa Mzee. Hapo soko lote likacheka. Walimcheka mbuzi. Na Mzee Johana alicheka pamoja nao, kicheko cha mtu wa kawaida aliyekuja sokoni, mkewe akicheka kando yake mpaka akajifuta macho kwa leso, nami nikiwa katikati ya nyaya zangu nikilia mbele ya watu bila kuona haya.